Kutoka Windows XP mpaka Windows 11: nani anaamua kwamba kompyuta imezeeka?

Zamu hii naleta historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu ambacho kila anayekuja darasa la kompyuta anakikuta kabla hata hajagusa kibodi: mfumo endeshi. Ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha mashine, inayogawa memori, inayoongea na printa, na kuzipangia programu nyingine zamu ya kufanya kazi. Bila hiyo kompyuta ni sanduku la plastiki na waya tu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kuko ubishi hauishi kambini. Vijana wadogo wanasema mfumo mpya ndio mfumo, wa zamani ni takataka. Kaka zetu waliojifunza kazi kwenye XP wanaapa kwamba vya zamani vilikuwa dhahabu, na hivi vya leo ni maua tu. Mimi naona wote wanabishania sura na kasi, na wanaacha jambo kubwa zaidi. Mfumo wa zamani ulikuwa kama nyumba isiyo na mlango: hakuna wa kukuuliza unatoka wapi, na hakuna wa kumzuia mwizi. Wa leo una mlango na kufuli nzuri, lakini ufunguo mmoja amebaki nao mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakaa mbali. Kwa sisi tunaotumia mashine za msaada, zilizokwisha kutumiwa na watu wengine miaka mitano au kumi, hapo ndipo penye shida yote.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na mfumo wake ulikuwa DOS wa Microsoft. Skrini nyeusi, maandishi, hakuna picha hata moja. Ukitaka kunakili faili unaandika amri, ukikosea herufi moja mashine inakujibu kwa ubaya. Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985, watu wachache wakaijali. Iliyoanza kupendwa kweli ni Windows 3.0 ya mwaka 1990, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa karata, Solitaire. Wengi wanadhani karata ziliwekwa za kupoteza muda. Lakini wakati ule watu wengi hawajawahi kushika kipanya, na kuvuta karata kutoka hapa kuiweka pale kulikuwa somo zuri kuliko kitabu. Mpaka leo sijapata zoezi bora la kumfundisha mama wa miaka hamsini anayeogopa mashine.

Agosti 24, 1995 ikaja Windows 95, na maduka mengine yalifunguliwa usiku wa manane ili watu wainunue. Hiyo ndiyo iliyoleta kitufe cha Start kule chini kushoto na ule mstari unaoonyesha programu zilizo wazi. Angalia mashine yoyote ya Windows leo, mstari huo bado upo. Lakini Windows 95, na 98 na Me zilizofuata, zilikuwa bado zimesimama juu ya msingi wa DOS. Programu moja ikichanganyikiwa inaweza kuvuta mashine nzima chini, skrini inageuka bluu, na barua ambayo hujaihifadhi ndiyo imekwenda. Maofisi makubwa yalikuwa na mfumo mwingine, Windows NT, tangu 1993, uliojengwa upya na imara zaidi. Mtu wa nyumbani hakupewa.

XP ndiyo iliyomletea mtu wa kawaida msingi ule wa maofisini. Ilitoka Oktoba 25, 2001. Kwa maandishi ya Microsoft wenyewe iliweza kutembea kwenye memori ya MB 64, ingawa walishauri 128, na nafasi ya GB 1.5 kwenye hadi diski. Kumbukeni namba hizo, nitazirudia. Na ile picha ya kilima cha kijani na anga la bluu, ambayo watu wengine husema ilichorwa na kompyuta, ni picha ya kweli. Aliipiga Charles O'Rear mwaka 1996 kule Sonoma, California. Kilima kipo.

Kwa sisi tuliotoka upande wa Congo na Burundi XP iko na kumbukumbu ya pekee, maana tuliikuta kwa Kifaransa. Hakukuwa na Start, ilikuwa Démarrer. Kikapu cha taka kilikuwa Corbeille. Kibodi ilikuwa AZERTY. Ndiyo maana mtu aliyechapa barua miaka mitatu kwenye duka la fotokopi kule nyumbani anafika hapa, anakaa mbele ya kibodi ya Kiingereza, anatafuta A anapata Q, na mwalimu anamwandika kwenye kundi la wanaoanza. Nawaomba mnaosimamia mafunzo, muulizeni kwanza mtu alijifunza kwa lugha gani. Kugeuza kibodi iwe AZERTY ni kazi ya dakika mbili kwenye mipangilio, na huyo mtu atachapa haraka kuliko nyinyi.

Kwa nini XP ilipendwa hivyo? Kwa sababu ilikuacha peke yako. Hukuhitaji akaunti, hukuhitaji intaneti ili uanze. Fundi alikuja na CD yake, saa moja hivi, mashine imepona. Na tuseme ukweli, XP nyingi zilizozunguka mijini kwetu zilikuwa za kunakili, CD moja ilizaa CD mia. Jambo hilo lilikuwa na madhara ambayo watu hawayasemi: mwenye nakala ya wizi aliogopa apdeti, akihofu Microsoft itamgundua, basi alizizima kabisa. Mashine ikabaki miaka na miaka na matundu yaleyale.

Na matundu yalikuwepo. Agosti 2003 mdudu aliyeitwa Blaster aliingia kwenye mashine za XP kupitia mtandao bila mtumiaji kubonyeza chochote. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ilitoa kifurushi cha pili cha marekebisho, na ndipo fayawoli ikaanza kuwashwa yenyewe. Fikirini: karibu miaka mitatu XP iliuzwa ikiwa na fayawoli ndani, lakini imezimwa. Tena kwa kawaida mtumiaji wa nyumbani alikuwa ndiye msimamizi mwenye mamlaka yote, kwa hiyo virusi vikiingia kwa jina lake navyo vinapata mamlaka yote.

Kwetu lakini adui mkubwa hakupita kwenye mtandao, alipita kwenye flashi. XP ilikuwa na tabia ya kusoma faili dogo kwenye diski au flashi na kufungua programu iliyotajwa humo. Ilikusudiwa kurahisisha kazi. Conficker, aliyeonekana Novemba 2008, alitumia pia njia hiyo na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Windows 7 iliifunga njia hiyo kwa flashi, na mwaka 2011 Microsoft ikapeleka apdeti ya kuifunga kwenye XP pia, kwa wale waliokuwa wanapokea apdeti. Waliozizima ndio hao hao waliobaki na flashi zenye mafolda yaliyogeuka njia za mkato, kazi ya shule imefichwa, na kijana analia eti faili zimefutika. Hazikufutika, zimefichwa tu. Ukiziweka kwenye mashine ya Linux utaziona zote.

Vista, Januari 2007, nitaipita haraka kama watu wengi walivyoipita. Ilitaka mashine nzito kuliko zile watu walizokuwa nazo, na ilikuuliza ruhusa kila hatua. Lakini kule kuuliza ruhusa kulikuwa jambo jema lililoletwa vibaya. Windows 7, Oktoba 2009, ilichukua kazi hiyohiyo ikaipunguza makali, na kwa maoni yangu hakuna Windows iliyomfaa mtu wa kawaida kuliko hiyo. Halafu mwaka 2012 ikaja Windows 8 na kuondoa kitufe cha Start, kitu ambacho watu walikifahamu kwa miaka 17. Waliwaza watu wa kugusa skrini, wakasahau mabilioni ya mikono iliyokwisha kuzoea kona ya chini kushoto. Mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kitufe kikarudishwa. Kwa mwalimu, badiliko kama hilo si jambo la urembo. Kila kona inayohamishwa ni somo la wiki nzima kurudiwa kwa mtu ambaye ana saa mbili tu za kompyuta kwa wiki.

Sasa tuje kwenye kuzeeka kwenyewe. Aprili 8, 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP. Watu walidhani mashine zitazimika siku hiyo. Hazikuzimika. Asubuhi yake ziliwaka kama kawaida, na ndiyo sababu wengi wakasema ni vitisho vya wafanyabiashara. Kumbe mfumo wa zamani haufi kwa tarehe, unakufa kupitia kivinjari. Google iliacha kutoa Chrome mpya kwa XP mwaka 2016, Firefox ikafuata mwaka 2018. Baada ya hapo tovuti zinabadilisha namna ya kufunga mawasiliano kwa siri, kivinjari cha zamani hakielewi lugha hiyo mpya, na ukurasa unakataa kufunguka. Mashine ni nzima, mtandao upo, lakini fomu ya kuomba nafasi ya chuo haifunguki, na kijana anadhani chuo kimemkataa. Windows 7 nayo imepita njia hiyo: huduma iliisha Januari 14, 2020, Chrome ikaiacha mwanzoni mwa 2023.

Ila wale wanaosema apdeti ni upuuzi wakumbuke Mei 12, 2017. Siku hiyo programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilianza kufunga faili za watu na kudai pesa, na ndani ya siku chache ilishapiga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha wagonjwa. Microsoft ilishtuka mpaka ikatoa dawa kwa XP, mfumo iliokwisha kuuacha miaka mitatu nyuma. Lakini ukichunguza, mashine nyingi zilizopigwa hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa, na dawa yake ilitoka Machi, miezi miwili kabla. Wenyewe hawakuiweka. Kwa hiyo umri wa mfumo peke yake haukuokoi wala haukuui. Kinachokuokoa ni kama kuko mtu bado anauziba, na kama wewe unaupokea huo uzibaji.

Na kuupokea ni gharama. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na kwa mwaka mmoja wa kwanza waliokuwa na 7 au 8.1 waliipata bure. Pamoja nayo sheria ilibadilika: mwenye toleo la nyumbani hakuweza tena kukataa apdeti kabisa, angeweza kuahirisha tu. Ulaya, ambako intaneti inaingia nyumbani kama maji ya bomba, hilo ni ulinzi. Kambini ni jambo lingine. Unanunua bando la kutuma barua moja, unaunganisha kompyuta na simu, na kabla hujafungua ukurasa mashine imekwisha kula MB zote kimya kimya. Dawa ipo, na wengi hawaijui. Kwenye mipangilio ya mtandao unaiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa, nayo inaacha kupakua mambo makubwa. Tena kwa vyumba vyenye mashine nyingi, Windows 10 na 11 zinaweza kugawana apdeti zenyewe kwa zenyewe ndani ya mtandao wa chumba, moja inapakua na nyingine zinachukua kwake. Nyinyi mnaolipia intaneti ya vituo vya vijana, washeni kitu hicho.

Halafu Oktoba 5, 2021, Windows 11. Hapa ndipo natofautiana na wanaosema mpya siku zote ni bora. Inataka memori ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Linganisheni na zile namba za XP: memori imeongezeka mara 64 katika miaka 20, na mtu wa kawaida bado anaandika barua, anafungua barua pepe, anatazama video. Sisemi hakuna kilichoongezeka, video peke yake inataka nguvu. Lakini si memori inayotufungia mlango. Windows 11 inataka kifaa kidogo kiitwacho TPM toleo la 2.0, kinachotunza funguo za siri ndani ya mashine, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, yaani za kuanzia mwaka 2017 hivi. Mashine ya 2015 yenye memori ya GB 8, inayokimbia vizuri, imewekwa nje ya orodha. Tena toleo la nyumbani linakutaka uwe na intaneti na akaunti ya Microsoft ndipo umalize kuisimika. Sababu za usalama ni za kweli, sizikatai. Ila aliyeziandika hakuwa anafikiria chumba chenye sola na mashine kumi na mbili zilizotoka kwenye shule ya watu wengine.

Oktoba 14, 2025 huduma ya Windows 10 imeisha. Kuko nyongeza ya mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa watu wa kawaida, mpaka Oktoba 2026, na mlango wake ni akaunti ileile ya Microsoft. Mnaelewa maana yake kwetu: maofisi ya nchi tajiri yanatoa mashine zao nzima kabisa, na nyingi zitafungwa kwenye maboksi zije kwa watu kama sisi zikiwa na karatasi inayosema msaada. Hiyo ni bahati na mtego kwa wakati mmoja, inategemea nani anafungua boksi.

Njia nyingine ipo, na ni ya zamani pia. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Ndiyo Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu juu yake, na jina hilo halihitaji mkalimani, ni utu. Toleo la kwanza walilibandika jina la ngiri. Kwa miaka mpaka 2011 ukiomba CD walikutumia kwa posta bila malipo popote ulipo. Mwaka huohuo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na mahesabu yenye menyu za Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa pakiti ya Kiswahili kwa XP. Napenda kuwakumbusha wenzangu jambo hili, kwa sababu wengi wanafikiri kompyuta haijui lugha yetu. Inaijua zaidi ya miaka 20. Sisi ndio hatuiombi.

Linux nyepesi, kama Mint au Xubuntu, inaamsha mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na kwa Mint apdeti zinakusubiri uziruhusu. Lakini nisiwadanganye. Tangazo la kazi likija linasema Excel, halisemi LibreOffice. Msichana aliyejifunza vizuri kwenye Linux anaingia kwenye usaili, anawekewa Windows 11, na dakika zake tano za kwanza zinaishia kutafuta kitufe cha Start ambacho sasa kimehamia katikati. Huo si ujinga wake, ila anayempima hajui. Na Linux yenyewe inasonga: Ubuntu iliziacha zamani mashine za biti 32, na Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine kongwe, toleo lake la 13 la Agosti 2025 halisimikiki tena kwenye hizo.

Anayesema haya hayamhusu kwa sababu yeye ana simu tu, asome tena. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na inazeeka vilevile. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0. Simu hazikuharibika. Zilipiga na kupokea. Lakini kwa mtu ambaye familia yake imegawanyika nchi tatu, simu isiyo na WhatsApp ni tochi.

Kwa hiyo boksi la msaada likija, msikubali picha ya mashine peke yake. Ulizeni prosesa ni ya mwaka gani, ni biti 32 au 64, memori inaongezeka, na kama kuko pesa ya kununulia diski ya SSD, maana hiyo ndiyo inayofufua mashine kuliko mfumo wowote. Sisi kwenye chumba chetu tumegawa hivi. Zilizo na GB 4 tumeziweka Linux Mint, hizo ni za intaneti na za kazi za shule. Mbili zenye nguvu zimebaki na Windows kwa mazoezi ya Excel tu, na zamu yake inaandikwa kwenye daftari. Ile moja ya XP tumeinyima kebo ya mtandao, na flashi haichomekwi hapo hata kwa kubembeleza. Watoto wanajifunzia kuchapa, na kila jioni wanagombania kiti chake kwa sababu ndiyo yenye karata.